Tathmini ya huduma: Rufani katika Shirika la Biashara Duniani

Ukiisoma katika mikataba yake, huduma ya kusuluhisha migogoro inayotolewa mjini Geneva tangu 1995 ni ya kuvutia, kwa kuwa nchi ndogo huweza kuishtaki kubwa na kupata uamuzi unaozibana zote mbili. Antigua na Barbuda iliishtaki Marekani mwaka 2003 kuhusu kamari ya mtandaoni, ikashinda, na mwaka 2007 ikaruhusiwa kulipiza kisasi cha kibiashara chenye thamani ya hadi dola milioni 21 kwa mwaka. Lakini visiwa vinavyotegemea bidhaa za nje vitamwadhibu nani bila kujiumiza vyenyewe?

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye rufani. Wajumbe saba wa Chombo cha Rufani huteuliwa kwa maafikiano ya wanachama wote, na kila rufani husikilizwa na watatu. Marekani, ikidai kwamba chombo hicho kimevuka mamlaka yake (dai ambalo, tuseme haki, halikuwa la kubuni tu), ilizuia uteuzi mpaka Desemba 2019 akabaki mjumbe mmoja, naye akaondoka mwaka uliofuata. Tangu hapo anayeshindwa hukata rufani kwa viti vitupu, na uamuzi wa jopo lililosikiliza kesi mwanzoni hukwama hapohapo: Indonesia ilifanya hivyo katika kesi ya nikeli mwaka 2022, na Marekani yenyewe katika kesi za ushuru wa chuma, Januari 2023.

Utaratibu mbadala ulioanzishwa mwaka 2020 na Umoja wa Ulaya pamoja na wenzake unafanya kazi, ila Marekani haimo. Mwenye shauri dhidi ya Washington simshauri alipie mawakili kwa sasa.