Vitunga vya Pasaka vya watoto wadogo Lubumbashi: nilichopata kwa dola 43

Pasaka ya 2025, ile iliyoangukia tarehe 20 Aprili, niliagiza vitunga viwili kwa mama mmoja wa hapa Lubumbashi anayevipanga nyumbani kwake na kuvitangaza kwenye WhatsApp. Kimoja cha mwanangu wa kiume aliyekuwa anaelekea miaka 3, kingine cha binti wa mdogo wangu, miezi 9. Cha mkubwa dola 25, cha bebe dola 18. Nusu unatanguliza kwa M-Pesa, nusu unalipa mzigo ukiwa mkononi. Cha mkubwa kilinipendeza na ningekinunua tena. Cha bebe ilibidi nikipangue kwanza ndipo mwenyewe apewe.

Nianze na vitunga vyenyewe, maana hapo pesa yangu sikuionea uchungu hata kidogo. Si yale makopo ya plastiki ya waridi na manjano yanayojaa madukani Pasaka ikikaribia. Hivi ni vya mianzi, vya kusukwa kwa mkono, na ukingo umezungushiwa kitenge kikashonwa kwa uzi mnene ili ncha za mianzi zisitokeze. Nilipitisha kidole ukingo mzima nikitafuta pa kuchoma, sikupapata. Ndani hakuweka zile nyasi za plastiki za kijani ambazo mtoto akizitia mdomoni unazivuta kama tambi. Alitandika kipande cha kitenge kilekile. Cha mwanangu mpaka sasa ndimo anamowekea magari yake.

Ndani ya kitunga cha mkubwa mlikuwa na mpira laini, chaki nene za rangi, kitabu cha wanyama cha kurasa ngumu kwa Kifaransa, kikopo cha kupulizia mapovu, sungura wa kitenge, pakiti ya karanga za sukari na yai la chokoleti. Sungura huyo ndiye aliyenifanya nimheshimu fundi. Macho yamedariziwa kwa uzi, hakuna kifungo cha kung'oka. Nilimvuta masikio kwa nguvu zaidi ya ile ambayo mtoto angeitumia, mshono haukuachia. Chaki zilimaliza kazi yake kwenye sakafu ya baraza wiki ileile.

Chokoleti ndiyo iliyoniangusha. Nilipofungua karatasi nikakuta yai limeshika weupe, mithili ya vumbi ambalo halifutiki. Huo si uozo wala haudhuru; mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, yakiyeyuka na kuganda tena ovyoovyo hupanda juu na kuacha utando huo. Bidhaa nyingi za namna hii zinatufikia kwa barabara kutoka kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kila mtu anajua malori yanavyopanga foleni pale juani. Kwa hiyo simlaumu sana muuzaji, ila angeweza kulifungua moja akaliangalia kabla ya kutuuzia. Mwanangu alilila lote bila swali. Mimi niliyelipa ndiye niliyenung'unika.

Karanga nilizitoa mwenyewe. Karanga nzima humkaba mtoto haraka. Madaktari wa watoto wa Marekani wanazikataza mpaka miaka 4, wa Uingereza mpaka 5. Za kusaga laini, zikipakwa nyembamba, hazina shida hiyo.

Sasa kitunga cha bebe. Katikati, kimefungwa utepe mweupe, kulikuwa na kichupa cha asali. Asali yenyewe nzuri sana, ile nzito ya rangi ya kahawia kutoka misitu yetu ya miombo, na sisi wakubwa tuliimaliza kwa mkate. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka haonjeshwi asali, hata tone la kupaka ulimini. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na utumbo wa mtoto mchanga haujawa na uwezo wa kuzizuia zisiote. Zikiota zinatoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ile ya kupumulia. Kuichemsha jikoni hakuziui. Kambo wa mtoto (ndivyo tunavyomwita babu au bibi hapa kwetu) alikuwepo, akanitazama kwa jicho la huruma: "Nyie wote mlilamba asali, na mko hai." Sikubishana naye, nikakiweka kichupa juu ya kabati.

Cha pili ni kichezeo cha kutikisa: yai la plastiki la vipande viwili, ndani mchele, limefungwa kwa selotepu ya kuona ndani. Sauti yake tamu kweli. Nikaingiza ukucha chini ya selotepu, ikatoka yote kwa mvuto mmoja, mchele ukamwagika kwenye mkeka. Mtoto wa miezi 9 kila anachoshika kinaishia mdomoni, na selotepu ikilowa mate haikai. Kipimo changu cha vitu vya watoto wa chini ya miaka 3 ni kile bomba la katikati ya karatasi ya choo: kinachopita mle hakibaki ndani ya kitunga. Vile vipande vya yai havikupita, lakini mchele hauhitaji kupimwa.

Nilimwandikia muuzaji usiku uleule na picha ya mchele nikamtumia. Hakuleta ubishi. "Pole mama," akajibu, "cha bebe nimepanga kama cha wakubwa, nikapunguza vitu tu." Jumamosi akatuma kijana wa pikipiki kuchukua yai na kuniletea vikombe vya kupangana, vya plastiki nene, vikubwa, bila ncha. Asali akasema tubaki nayo. Kwa huduma ya baada ya mauzo nampa alama zote, maana hapa mjini ukishalipa, wengi hawapokei tena simu yako.

Kuhusu kufika kwa wakati: aliahidi Alhamisi Kuu, vikafika Ijumaa Kuu jioni, cha bebe karatasi yake imelowa upande mmoja kwa mvua. Mama yangu alisomeshwa na masista Wabelgiji, waliowaambia watoto kwamba kengele za kanisa zinaondoka Alhamisi Kuu kwenda Roma na kurudi Pasaka zikidondosha mayai. Kwa hesabu hiyo muuzaji wangu aliwahi.

Ukiagiza kwake, umri wa mtoto uandike kwa miezi, usiseme tu "bado mdogo", na umwombe picha ya vitu vikiwa vimetandazwa kabla hajavizungushia ile selofani kubwa, yaani karatasi ya plastiki ya kuona ndani. Selofani yenyewe iondoe kabla bebe hajakaribia. Na kwa aliye chini ya mwaka mmoja, mwombe kitunga, sungura na vikombe tu, basi. Nilimuuliza bei ya hivyo vitatu, akaniambia dola 12.