Chujio la maji la mishumaa ya kauri: linachoweza na lisichoweza

Chujio la mishumaa ya kauri ni ndoo mbili zilizopandana, ya juu ikipokea maji mabichi na ya chini, yenye koki, ikihifadhi yaliyochujwa. Halihitaji umeme, kwa kuwa maji hushuka yenyewe kupitia mishumaa, yaani mirija ya kauri iliyofungwa katika ndoo ya juu, ambayo kuta zake zina vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria wengi, pamoja na vimelea wakubwa zaidi kama amiba, hunaswa humo. Kwa kazi hiyo ninalisifu bila kusita.

Mshumaa wenye mkaa maalumu ndani yake hupunguza pia harufu ya klorini, na hilo si jambo dogo. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipendekeza lita 2 za maji kwa siku kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, yakihesabiwa pia maji yaliyomo katika vyakula na vinywaji vingine. Lakini ni nani atakayefikia kiasi hicho kwa hiari ikiwa kila bilauri inanuka dawa?

Wauzaji wanaodai kwamba chujio hili huondoa kila uchafu wanapotosha. Virusi ni wadogo mno, hupenya. Chumvi na floraidi, kwa kuwa zimeyeyuka majini, hupita pia. Mwenye maji ya chumvi atafute mtambo wa aina nyingine, na anayeshuku kwamba maji yake yamechanganyika na kinyesi aendelee kuyachemsha hata akiwa na chujio.

Matunzo yake yanadai uangalifu. Mshumaa ukianza kuziba, maji hudondoka tone kwa tone, na ukiugusa utakuta utando wa kijivu wenye utelezi. Utando huo husuguliwa kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni, kwa sababu sabuni hunywewa na kauri kisha ikarudi katika maji ya kunywa. Wakati wa kusugua, ukague mshumaa kwenye mwanga: ukiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, utupwe, maana maji yatapita hapo bila kuchujwa na macho hayataona tofauti.

Kwa familia kubwa kasi yake ni ndogo, hivyo ndoo ya juu ijazwe usiku. Koki ya plastiki nayo huwahi kuvuja. Ni afadhali kuchagua chujio lenye koki ya chuma.