Uzoefu wangu wa tiba shufaa nyumbani: miezi 4 ya kumuuguza mama, Temeke

Mama yangu alifariki mwezi Mei 2023, nyumbani kwa kaka yangu, Temeke, jijini Dar es Salaam, kwa saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka uliotangulia alikuwa amemaliza mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ugonjwa uliporudi mwezi Januari tulielezwa kwa upole kwamba tiba iliyobaki ni ile ya kumwondolea maumivu na kumtunza hadi mwisho, ambayo watumishi wa afya huiita tiba shufaa. Katika miezi 4 iliyofuata tulihudumiwa na watoa huduma wawili tofauti waliokuwa wakija nyumbani. Sitawataja kwa majina. Ninaandika kwa ajili ya mtu mwenye mgonjwa ndani, ambaye kesho au keshokutwa atatakiwa kuchagua, na ambaye pengine atatazama mambo yaleyale tuliyoyatazama sisi kwa makosa.

Yule wa kwanza tulimchagua kwa sababu alionekana kuwa na mpangilio mzuri. Walikuja na gari safi, wakiwa na sare, na siku ya kwanza alikuwapo daktari aliyempima mama kwa makini na kujaza faili lenye kurasa nyingi. Malipo yalikuwa shilingi 60,000 kwa kila ziara, na katika karatasi waliyotuachia iliandikwa kwamba simu yao hupokewa saa 24. Sitaki kuwanyima haki yao: ndani ya siku 2 mama alikuwa amepata mofini ya maji, dawa ya kunywa ya kutuliza maumivu makali, na usiku ule alilala kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi za kukaa kitandani ameshika kiuno, akiomba kuche.

Kilichokosekana tulikuja kukijua baadaye. Mofini ina kawaida ya kumletea mgonjwa kichefuchefu na usingizi mwingi siku chache za mwanzo, kisha mwili huzoea. Lakini hali ya kufunga choo mwili hauizoei, na kwa sababu hiyo anayeanza dawa hii hupaswa kupewa siku hiyohiyo na dawa ya kulainisha choo. Mama hakupewa. Alikaa siku 8 bila kupata choo, tumbo likajaa na kuuma, na muuguzi aliyekuja aliposikia neno "maumivu" alipiga simu kwa daktari, wakakubaliana kuongeza kipimo cha mofini. Hakuna aliyemuuliza mama kuhusu choo, na kuhusu mkojo pia hakuulizwa, jambo ambalo lilikuwa zito zaidi.

Siku 4 baada ya kipimo kuongezwa, usiku wa Jumamosi, mama alianza kushtukashtuka mikono na miguu, akawa anaweweseka na kumwita bibi yetu aliyefariki zamani, na tulipomwamsha alifumbua macho kidogo tu na kuyafumba tena. Nilipiga ile namba ya saa 24 mara 11. Iliita hadi ikakatika, mara zote 11. Jumatatu walituomba radhi na kutueleza kwamba mwenye simu alikuwa mapumzikoni. Radhi yao niliipokea, lakini mpaka leo ninaamini kwamba mtoa huduma asiyekuwa na mtu wa kupokea simu usiku asiandike kwamba anaye, kwa kuwa familia huacha kutafuta msaada mwingine kwa kuitegemea ahadi hiyo.

Alfajiri ya Jumapili, jirani yetu ambaye ni muuguzi mstaafu alinipa namba ya kikundi kingine, chenye wauguzi wachache na daktari mmoja anayewasimamia. Muuguzi wao alipokea simu ikiwa haijaita mara 3. Nilianza kumweleza habari ya kushtuka, naye akaniachia nimalize, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Tangu jana asubuhi, mama amekojoa mara ngapi?" Nilipojibu kwamba ni mara moja, na kidogo sana, aliniambia nisimpe kipimo kilichofuata cha mofini, nimlaze ubavu, nisimlazimishe kunywa chochote akiwa usingizini, nimsubiri. Kabla ya saa 5 asubuhi alikuwa mlangoni, ameshuka kwenye bodaboda na mkoba wake begani.

Alitueleza jambo lenyewe akiwa ameketi mkekani, kwa maneno ambayo hata shangazi aliyaelewa. Mofini hutolewa mwilini kwa njia ya figo. Saratani ya mlango wa kizazi inapokua huweza kuziba mirija inayopitisha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Figo zikishindwa kazi mkojo hupungua, na dawa iliyotakiwa kutoka hubaki na kujikusanya. Kushtukashtuka na kuweweseka ni dalili za kujikusanya huko. Kwa kawaida mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4, na kile kipimo cha saa 4 usiku huongezwa maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale mpaka saa 12 asubuhi. Kwa mama, baada ya kuzungumza na daktari wao, aliandika kipimo kidogo mara 3 tu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Baada ya siku 2 mama alikuwa akitutambua na kuuliza kwa nini chai haina tangawizi.

Nimerudia kulifikiria swali lile la mkojo mara nyingi. Halikuhitaji gari wala mashine yoyote. Ningekuwa ninachagua tena leo, ningempigia mtoa huduma kabla ya kulipa chochote, usiku, siku ya mapumziko, nione nani anapokea. Na ningesikiliza anauliza nini kabla hajaniambia la kufanya.

Kila alipofika, muuguzi huyu alianza na shikamoo na kungoja marahaba ya mama, hata siku ambazo marahaba ilichelewa kutoka. Kisha alimwomba mama amwonyeshe kwa mkono maumivu ya siku 3 zilizopita: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, na vidole vitano vilivyonyooshwa ni maumivu yasiyovumilika. Baadaye nilifahamu kwamba hii ni sehemu ya kipimo kilichoandaliwa na jumuiya ya tiba shufaa ya Afrika, ambacho kina maswali 10, 7 ya mgonjwa na 3 ya familia. Mgonjwa huulizwa pia kama ana wasiwasi, kama amepata mtu wa kumweleza yaliyo moyoni, kama anaona maisha bado yana thamani, kama ana amani. Mama, ambaye kwetu sisi watoto alikuwa akijibu "sijambo" kwa kila swali, alimnyooshea muuguzi vidole vinne alipoulizwa kuhusu wasiwasi. Kumbe alikuwa akiwaza deni la kikoba na shamba la Mkuranga ambalo hati yake ilikuwa kwa mdogo wake, waliyekuwa hawasemezani kwa miaka kadhaa.

Hapo lazima niseme lililotugawa. Sisi watoto tulikuwa tumekubaliana kwamba mama asiambiwe kuwa hatapona, na mtoa huduma wa kwanza alikubali kwa haraka, bila swali. Huyu wa pili alitusikiliza nje, uani, akatuuliza tunaogopa nini hasa, kisha akasema kwamba hatamwambia mama jambo ambalo hakuliuliza, lakini akiulizwa hatamdanganya. Kaka alikasirika. Wiki iliyofuata mama aliuliza mwenyewe, na muuguzi hakukimbilia kujibu. Alimuuliza kwanza yeye anaonaje hali yake. Mama akasema, "Mimi naona naondoka, ila hawa wanangu hawataki nijue." Tulikuwa tumesimama mlangoni tukisikia. Baada ya siku hiyo mama alimwita mdogo wake, hati ikaletwa, wosia ukaandikwa mbele ya mashahidi, na fedha za kikoba zikarudishwa hadi shilingi ya mwisho. Kaka ndiye aliyepeleka fedha hizo.

Jambo jingine ni harufu ya kidonda cha saratani. Wenye wagonjwa wa ugonjwa huu wanaijua na hawaisemi. Mama alikuwa amekataa wageni kwa sababu hiyo, na sisi tulikuwa tukichoma udi kutwa, jambo ambalo sasa naona lilimwonyesha kwamba tunaisikia. Muuguzi alileta vidonge vya metronidazoli, vilevile tunavyovimeza kwa amiba, akatufundisha jinsi ya kuvisaga na kuviweka kwenye kidonda baada ya kukiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Baada ya siku 4 hivi harufu ilikuwa imepungua sana, na mama aliomba ahamishiwe sebuleni, akapokea wageni wake akiwa amejifunga kanga mpya. Dawa hiyo ni ya bei ndogo na ipo katika kila duka la dawa. Tulikuwa tumeishi na aibu ile kwa wiki 6 tukiwa na mtoa huduma anayelipwa.

Ramadhani ya mwaka huo ilianza mwishoni mwa Machi, na mama alitaka kufunga. Nilitegemea muuguzi, ambaye ni Mkristo, amkataze. Badala yake alimuuliza mama kufunga kuna maana gani kwake mwaka huu, kisha akatuomba tumwalike sheikh wa msikiti wetu, akamweleza habari ya kile kipimo cha saa 8 mchana. Sheikh alimkumbusha mama ruhusa aliyopewa mgonjwa, na kwamba asiyetarajia kupona hulisha maskini kwa kila siku asiyofunga. Mama aliridhika, na kila jioni alisimamia mwenyewe, kutoka kwenye kiti chake, futari ya fidia ikipelekwa kwa mzee mmoja wa mtaa wa nyuma. Ninalihesabu hili katika ubora wa tiba, sawa na dawa yenyewe.

Kasoro zao zilikuwapo, na nazieleza kwa sababu familia inayowachukua inapaswa kujiandaa. Waliahidi kuja kila wiki, lakini kuna kipindi cha masika, barabara zilipojaa maji, tulikaa siku 16 tukiwasiliana kwa simu tu. Usiku hawaji, wanapokea simu, basi. Pampasi za watu wazima, glovu na pamba tulinunua wenyewe, na godoro la kuzuia vidonda vya mgongoni walilotuahidi halikufika mpaka mama anazikwa, hivyo tulikuwa tukimgeuza kila baada ya saa 2 kwa zamu. Daktari wao tulimwona mara moja. Na chupa ya mofini ilipokaribia kuisha, tulingoja siku nzima kwa sababu muuguzi hakuwa na mamlaka ya kuiandika, ilibidi apate saini ya daktari aliyekuwa Kibaha. Nchini Uganda, tangu mwaka 2004, sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea fani hii kuandika mofini wao wenyewe, na siku ile nilitamani sana iwe hivyo na kwetu. Gharama zao hazikuwa na kiwango maalumu. Tulichangia nauli na kile tulichoweza.

Kaka alikuwa na hofu ya mofini tangu mwanzo, akiiita dawa ya kulevya na akiamini kwamba ndiyo itakayommaliza mama. Na baada ya usiku ule wa Februari, nani angemlaumu? Muuguzi alikaa naye zaidi ya saa 1. Hakumwambia kwamba hofu yake ni ujinga. Alikiri kwamba kipimo kilichozidi uwezo wa figo kilimdhuru mama, akamwonyesha kwenye daftari jinsi kila kipimo kilivyoandikwa na hali ya mama baada yake, na akampa kaka mwenyewe kazi ya kupima dawa kwa bomba la sindano na kujaza daftari lile. Kuanzia hapo hakuna dozi iliyopita bila kaka kuiandika.

Wiki ya mwisho alitufundisha tutakayoyaona kabla hatujayaona: miguu itakuwa ya baridi, pumzi zitakatika na kurudi, kooni patakuwa na mkoromo ambao unatutisha sisi kuliko unavyomsumbua yeye. Alimwomba shangazi, kwa adabu zote, aache kumlazimisha mama uji, maana mtu asiyeweza kumeza hupaliwa. Badala yake amlowanishe midomo kwa pamba. Saa 8 za usiku, pumzi zilipobadilika, nilimpigia. Alipokea. Aliniuliza kama mama anakunja uso, nikasema hapana, akaniambia basi hana maumivu, tufanye yetu. Tulimwelekeza kibla, kaka akamtamkisha shahada taratibu sikioni, na simu ilikuwa bado hewani juu ya meza mpaka ilipofika saa 9 na dakika chache.

Baada ya siku 3 za msiba alikuja kutoa pole, na kuchukua mofini iliyobaki. Aliipima mbele yetu, akaandika kiasi kilichobaki, mimi na kaka tukatia saini. Kisha akaniuliza umri wangu na wa dada yangu, na kama tumewahi kupimwa mlango wa kizazi. Akauliza pia kama binti wa kaka, aliyekuwa na miaka 14, ameshapata ile chanjo ya kuzuia saratani hii, ambayo nchini kwetu ilianza kutolewa kwa wasichana wa umri huo mwaka 2018. Hatukuwa tumepimwa, hata mara moja, tukiwa tumemuuguza mama kwa ugonjwa huohuo. Alituandikia jina la kituo cha afya na siku wanayopima, na baada ya arobaini alinipigia simu kuuliza kama tumekwenda. Nilimjibu kwamba tumekwenda, wote wawili, na kwamba binti alichanjwa shuleni.