Fulana ya kuelea kwa watalii wanaokanyaga matumbawe

Mtalii akichoka majini hutafuta pa kusimama, na pa karibu ni tumbawe, ambalo huenda linakua sentimita 1 hivi tu kwa mwaka. Fulana hii ya kujazwa pumzi kwa mdomo humwondolea kisingizio. Puliza mara chache, funga vali, pitisha mkanda katikati ya miguu. Usipoukaza, fulana hupanda hadi kidevuni na mvaaji huanza kurusha mateke. Viatu vya mapezi navyo hutimua mchanga unaofunika matumbawe. Usiijaze ikawa ngumu, utashindwa kulala kifudifudi kutazama chini ya maji.

Udhaifu wake ni vali: chembe ya mchanga ikinasa, hewa huvuja taratibu. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

Anayemshika kasa ili apigwe picha, huyo anahitaji nahodha mkali, si fulana.