Mvinyo wa Ufaransa Usiovuma: Uanze na Upi?

Kama unataka mvinyo mzuri wa Ufaransa bila kulipia jina, achana na rafu za Bordeaux na Bourgogne, maeneo ya mvinyo yenye majina makubwa, umtafute muuza mvinyo mdogo anayenunua moja kwa moja kwa wakulima. Muulize nani alilima zabibu hizo na nani aliujaza mvinyo chupani. Asipojua, nenda kwingine. Nimezipanga chupa nne kwa utaratibu ambao ningekushauri uzinunue.

Ya kwanza, bila kusita, ni Muscadet Sèvre et Maine, mvinyo mweupe wa karibu na Nantes, mto Loire unapokaribia bahari. Aina ya zabibu ni melon de Bourgogne, iliyoenea huko baada ya baridi kali ya 1709 kuua mizabibu. Tafuta maneno "sur lie" kwenye lebo. Maana yake mvinyo umekaa kipindi chote cha baridi juu ya mashapo ya hamira, ukajazwa chupani kutoka hapohapo. Ndiyo maana unasisimua ulimi kidogo, kisha unaacha chumvichumvi kinywani. Kwa chaza, kamba au samaki wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, sijaona wa kuushinda kwa bei yake. Ukikuta jina la kijiji cha Clisson au Gorges, ongeza pesa uchukue: huo umelala juu ya mashapo muda mrefu zaidi na unatunzika kwa miaka. Wengi huudharau Muscadet kwa sababu ni rahisi. Wanakosea sana.

Wa pili ni Cahors, mwekundu mzito wa bonde la mto Lot. Zabibu ya malbec, ambayo wengi huihusisha na Argentina, kwao ni huku, na kanuni inataka isipungue asilimia 70. Ukiwa mchanga hukausha kinywa, kwa hiyo ufungue saa moja au mbili kabla ya nyama ya mbuzi kuiva.

Kwenye Jurançon, chini ya milima ya Pyrénées, kuwa makini. Lebo ikisema "Jurançon" tu, mvinyo ni mtamu, wa zabibu zilizoachwa zinyauke mtini. Usio na sukari huandikwa "Jurançon sec". Huo mtamu ndio ninaoupenda, una uchachu unaozuia usichoshe.

Vin jaune, yaani "mvinyo wa manjano", ya eneo la Jura naiweka mwisho kwa sababu ya bei tu. Mvinyo huo wa zabibu za savagnin hukaa pipani zaidi ya miaka sita bila pipa kujazwa tena, na utando wa hamira hutanda juu yake. Chupa yake ni ya sentilita 62. Inanukia jozi na bizari, na inapendana na kuku wa mchuzi mzito au jibini ya Comté. Usiinywe ikiwa baridi ya friji, harufu hupotea. Chupa ikishafunguliwa hudumu wiki kadhaa, kwa hiyo huna haja ya kuimaliza siku hiyohiyo.