Uzoefu wangu: Majengo ya watumishi katika jumba la Uppark, Uingereza

Kwa miaka kadhaa nilitandika vitanda katika hoteli moja ya pwani ambako sisi wafanyakazi tulikuwa na mlango wetu, ngazi zetu na hata ujia wetu wa kupitishia mashuka machafu, ili mgeni asikutane nasi. Ndiyo maana nilipozuru Uppark, jumba lililo juu ya kilima huko West Sussex, kusini mwa Uingereza, sikuvutwa sana na sebule zake zilizonakshiwa dhahabu. Nilitaka kuona mahali kazi ilipofanyika.

Safari ilianza kwa karaha. Dereva wa teksi tuliyokodi kutoka stesheni ya Petersfield alitushusha mimi na binti yangu kwenye kijia chini ya kilima, akatuambia tumeshafika, akageuza gari. Tulipanda kwa miguu huku tukihema, na hapo nikaelewa kwa nini habari za jumba hili huanzia kwenye maji: Ford Grey, aliyelijenga karibu na mwaka 1690, alikuwa mjukuu wa Sir Edward Ford, mtu aliyesifika kwa mitambo ya kupandisha maji mlimani.

Ukisimama mbele ya jumba unaona matofali mekundu, na kando yake majengo mawili yaliyofanana kama mapacha, ambayo mtu asiyeambiwa atadhani ni mapambo tu. Yaliongezwa katika karne ya 18, baada ya Sir Matthew Fetherstonhaugh kulinunua jumba mwaka 1747, nayo yalikuwa ya farasi na ya jikoni. Jiko liliwekwa mbali kwa sababu za maana, yaani moshi, harufu na hofu ya moto. Lakini sasa chakula kingefikaje mezani bila watumishi kuonekana wakikatiza uwanja na masinia? Ikachimbwa njia chini ya ardhi.

Nilipoingia katika handaki hilo nilinyoosha mikono kana kwamba nimebeba sinia, nikajaribu mwendo wa mtu anayeogopa mchuzi usipoe na wakati huohuo usimwagike. Binti yangu alicheka, kisha akanyamaza, kwa kuwa sauti pekee iliyosikika mle ilikuwa ya nyayo zetu. Mikono ilinichoka upesi, nami sikuwa nimebeba kitu.

Njia hizo hukufikisha kwenye vyumba vya chini ya jumba, ambako Sarah Wells alifanya kazi ya kuwasimamia wajakazi kuanzia 1880 hadi 1893. Mwanawe, H. G. Wells, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri, alizifahamu njia hizi tangu ujana wake. Mwajiri wa Sarah alikuwa Bibi Frances, na habari zake zinatupeleka kwenye jengo nililolipenda kuliko yote: chumba cha maziwa, palipoenguliwa malai na kusukwa siagi.

Hapo alifanya kazi Mary Ann Bullock. Mwaka 1825 Sir Harry Fetherstonhaugh, mwana wa Sir Matthew, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alimwoa binti huyo wa miaka ishirini hivi, na alipofariki mwaka 1846 akamwachia jumba zima. Mary Ann naye alimrithisha mdogo wake, ndiye huyo Frances. Kwa hiyo Sarah Wells, aliyepita kila siku kwenye njia za watumishi, alikuwa akimtumikia dada wa mtumishi. Nilirudi kukitazama chumba hicho mara mbili.

Kuhusu ile hofu ya moto, moto ulikuja kweli, ila haukutoka jikoni. Tarehe 30 Agosti 1989, jumba likiwa tayari mikononi mwa National Trust, shirika la Uingereza linalotunza majengo ya kale, tangu 1954, mafundi waliokuwa wakichomelea madini ya risasi kwenye paa waliliwasha kwa bahati mbaya, na ghorofa za juu zikateketea. Vitu vingi viliokolewa, jumba likajengwa upya, na wageni wakaanza kuingia tena mwaka 1995.

Ukienda, tenga nusu siku na uvae viatu vya kutembelea. Usianze na sebule. Anzia kwenye jengo la pembeni, upite handakini, uingie vyumba vya chini, ndipo upande kwenye chumba cha kulia: ndiyo njia iliyopitishwa chakula.