Wiki tatu ndani ya mto Turia, Valencia, Hispania, na sikulowa

Siku ya kwanza nilishuka ngazi hadi kwenye bustani nikiwa na hamu ya kukaa kando ya maji. Nikatembea karibu nusu saa. Miti ipo, baiskeli zipo, watoto wapo, maji hakuna. Mwishowe nikamuuliza mzee aliyekuwa akitembeza mbwa, kwa Kihispania changu cha kuokoteza, mto uko wapi. Akakanyaga chini mara mbili, akaniangalia, akaendelea na mbwa wake. Nilikuwa nimesimama ndani yake.

Kwa hiyo ujue mapema: Bustani ya Turia ipo ndani ya mkondo wa mto wenyewe. Tarehe 14 Oktoba 1957 Turia ulifurika na kuua watu wasiopungua 80, na serikali ikaamua kuuhamisha, ikauchimbia njia mpya kusini mwa jiji. Ukabaki mfereji mkavu unaokata katikati ya mji. Wakuu walitaka kupitisha barabara kuu ya magari humo. Wakazi wakakataa, wakasema mkondo ni wao na wanautaka uwe wa kijani. Wakashinda, na bustani ikaanza kufunguliwa miaka ya 1980.

Kinachoifanya initoshe kuliko bustani nyingine za mjini nilizowahi kuzitembelea ni kwamba iko chini. Magari yanapita juu, kwenye madaraja, na wewe unapita chini yake. Ni takriban kilomita 9 na huvuki barabara hata moja, husubiri taa, hupigiwi honi. Ndiyo maana wenyeji hawaitumii kama mahali pa matembezi ya Jumapili tu. Wanaitumia kama njia. Saa mbili asubuhi niliwaona watu wenye mikoba ya kazini wakipita humo kwa baiskeli, wanafunzi na begi zao, mama anasukuma kigari cha mtoto huku anaongea na simu. Jioni kila daraja lina wenyewe: hapa kijana anajifunza tarumbeta kwa sababu mwangwi wa chini unampamba, pale kikundi kinacheza dansi kwa spika ndogo, mbele kidogo mtu amefunga utepe kati ya misonobari miwili na anajaribu kutembea juu yake. Anaanguka sana.

Ukiwa na watoto, nenda moja kwa moja kwa Gulliver, sanamu ya kuchezea. Ni mtu mkubwa kupita kiasi aliyelala chali, kafungwa kamba, na nguo zake ndizo ngazi na ndizo mteremko wa kuserereka. Ukimwangalia kutoka pembeni unaona vichwa vidogo vikitambaa juu ya tumbo lake kama siafu. Mimi sina mtoto na nilipanda. Suruali ilikoma.

Mimi hasa nilifuata kukimbia, na hapa nitakaa kidogo. Kuna njia maalumu ya wakimbiaji, mzunguko wa kama kilomita 5.7, udongo ulioshindiliwa vizuri. Magoti yangu yalinishukuru baada ya miaka ya lami. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna yetu ya kukumbuka humo. Uwanja wa riadha wa Turia umo ndani ya mkondo huo huo, na ndipo Joshua Cheptegei wa Uganda alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 26:11.00, tarehe 7 Oktoba 2020. Marathoni ya Valencia nayo humalizikia upande wa mashariki, kwenye majengo meupe ya Jiji la Sanaa na Sayansi, juu ya jukwaa lililotandazwa majini. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni yake ya kwanza hapo Desemba 2022, saa 2:01:53. Mimi nilikimbia mzunguko mmoja kwa muda ambao nitauweka moyoni.

Kosa langu kubwa: nilitembea kwenye njia ya baiskeli nikitazama ramani kwenye simu. Kengele ililia nyuma, nikarukia upande usio sahihi, na dada mmoja akanikwepa kwa unywele. Aliyoyasema sikuyaelewa yote, ila ujumbe ulifika. Angalia michoro iliyochorwa ardhini kabla hujapiga hatua.

Upungufu? Upande wa majengo meupe hauna kivuli cha maana, mchana wa kiangazi saruji inakukaanga. Na ukiwa chini huoni majina ya mitaa, kwa hiyo hesabu madaraja, la sivyo utapanda ngazi na kutokea usikokujua. La Trinidad, la mawe, lilianza kujengwa mwaka 1402, ndilo lililokuwa alama yangu.

Wiki ya mwisho nilienda kuuona mkondo mpya. Ni mpana, una kuta za saruji, na siku hiyo ulikuwa karibu mkavu. Mafuriko ya 29 Oktoba 2024 yaliua zaidi ya watu 200 mkoani humo, wengi wao katika miji ya kusini kama Paiporta, huku katikati ya Valencia pakibaki pakavu na bustani yangu ikiwa salama. Siku zilizofuata maelfu ya watu walivuka daraja la miguu juu ya mkondo huu, na mafagio na koleo mabegani, kwenda kuwazolea wenzao tope. Nililivuka daraja hilo nikaenda na kurudi. Sikupiga picha.

Kesho yake alfajiri nilikuwa tena kwenye ule udongo, nakimbia. Ukitaka kuanza vizuri, shuka kituo cha metro cha Alameda, ambacho chenyewe kiko chini ya mto.